Mkwaju Hakufika Dodoma

Nyumbani kwa babu, Kilosa, redio ilikuwa na kiti chake. Sisemi meza wala rafu, bali kiti hasa cha mninga chenye mgongo, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia hata wageni walipozidi viti, na juu yake ilikaa redio ya betri iliyofunikwa kitambaa cha kufuma ambacho bibi alikifua kila Jumamosi. Betri zilipoanza kuchoka tulizianika juani tangu asubuhi juu ya bati la banda la kuku, ili jioni zipate nguvu ya nusu saa. Na nusu saa hiyo haikutumiwa kwa taarifa ya habari wala kwa salamu za wasikilizaji, ilitunzwa kwa ajili ya mchezo wa redio. Babu alikuwa mtu mpole, lakini mchezo ulipoanza aliinua kidole kimoja, na kidole hicho hakikushuka mpaka mchezo ulipokwisha. Katikati hapo hata kikohozi kiliombewa ruhusa kwa macho.

Mwaka 1993, nilipokuwa na miaka kumi, Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo mpya ulioitwa Twende na Wakati, nusu saa kila mara, mara mbili kwa wiki. Wanaoukumbuka hawahitaji kuelezwa Mkwaju alikuwa nani, lakini kwa waliozaliwa baadaye nitasema tu kwamba alikuwa dereva wa lori, mwenye mke nyumbani aliyeitwa Tunu, na mwenye wapenzi njiani kote kama vile madereva wengine walivyo na vituo vya kujazia mafuta. Nilimchukia kwa moyo wote na sikutaka kukosa hata neno lake moja. Bibi alimwapiza kwa sauti ya chini, kosa pekee ambalo kidole cha babu kililivumilia, na kesho yake wanawake waliokwenda naye kisimani walimzungumzia Mkwaju kana kwamba lori lake limeegeshwa nyuma ya soko.

Mwaka uliofuata baba alihamishiwa Dodoma kikazi, nasi tukapanda treni tukamfuata, isipokuwa dada yangu mkubwa ambaye alibaki kwa babu ili amalize darasa la saba. Jioni ya kwanza ya mchezo niliketi mbele ya redio yetu mpya, redio kaseti yenye taa nyekundu, nikasubiri. Saa ilipotimia, badala ya Mkwaju kikaja kipindi kingine. Nilidhani nimekosea siku. Juma lililofuata hali ikawa ile ile, nikadhani redio ni mbovu, nikazungusha kitufe cha masafa mbele na nyuma mpaka baba akanionya kwamba nitaukata uzi wake. Niliwauliza watoto wa jirani kuhusu Mkwaju, wakanitazama kama mtu anayeulizia mjomba wake ambaye wao hawamjui.

Jibu la fumbo hilo nililipata chuoni, zaidi ya miaka kumi baadaye, katika makala ya kitaalamu iliyowekwa kwenye somo la takwimu kama mfano wa utafiti uliopangwa vizuri. Vituo saba vya kurushia matangazo vya Tanzania Bara vilirusha Twende na Wakati tangu Julai 1993. Cha Dodoma kiliachwa kwa makusudi mpaka mwaka 1995, ili watafiti waweze kulinganisha watu waliousikia mchezo na watu ambao hawakuusikia, na hivyo kujua kama mabadiliko katika uzazi wa mpango na katika kujikinga na UKIMWI yaliletwa na mchezo au na mambo mengine. Sisi wa Dodoma tulikuwa kundi la kulinganisha. Kama mhasibu ninaelewa vizuri kwamba hesabu isiyo na cha kulinganishwa nacho si hesabu, na simlaumu mtu. Ninaeleza tu kwamba nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikizungusha kitufe cha redio isiyo na ubovu wowote.

Sijui kama ni kwa sababu hiyo kwamba leo, nikiwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, burudani yangu ya usiku ni kusikiliza michezo ya redio iliyorushwa Marekani kabla baba yangu hajaanza shule. Ninaipakua katika tovuti ya Internet Archive, ambako imewekwa kwa maelfu bila malipo, na kuisikiliza taa zikiwa zimezimwa, mara nyingi kwa hiari na mara nyingine kwa hisani ya kukatika kwa umeme. Mke wangu huniuliza kwa nini nisisikilize kitu cha kwetu. Swali ni la haki, na nitalirudia.

Mlango niliouingilia ulikuwa mchezo mmoja wa dakika thelathini uitwao Sorry, Wrong Number, ulioandikwa na Lucille Fletcher na kurushwa na shirika la utangazaji la CBS tarehe 25 Mei 1943 katika mfululizo wa Suspense. Mwanamke mgonjwa, aliye peke yake kitandani, anajaribu kumpigia simu mumewe. Laini zinachanganyika, na anawasikia wanaume wawili wakipanga kumwua mwanamke fulani usiku uleule. Anampigia opereta, anawapigia polisi, anampigia kila anayedhani atamsikiliza, na kila mmoja anamjibu kwa upole ule wa ofisini ambao sisi sote tumewahi kujibiwa nao. Hakuna zaidi ya hapo: kitanda, simu, na sauti ya Agnes Moorehead ikipanda ngazi moja baada ya nyingine kutoka kero hadi hofu. Nilianza kuusikiliza nikiwa nimejilaza, nikaumaliza nikiwa nimeketi. Moorehead aliucheza katika mfululizo huo mara nane mpaka mwaka 1960, na usiku wa kwanza mambo yalikwenda mrama mwishoni, kwa kuwa maneno hayakuja kwa wakati wake, hata wasikilizaji wa mashariki ya nchi wakabaki hawana hakika mwanamke yule yamempata yapi. Ikabidi mchezo urudiwe mwezi Agosti mwaka uleule.

Kosa hilo linawezekana pale tu ambapo hakuna cha kufuta na kurudia. Waigizaji walisimama wakizunguka kipaza sauti, karatasi mkononi, na neno likishatoka limetoka. Mashirika makubwa ya utangazaji ya huko, NBC na CBS, hayakutaka kabisa kurusha kipindi kilichorekodiwa, na kwa kuwa mashariki ya nchi iko saa tatu mbele ya magharibi, vipindi vingi viliigizwa mara mbili kwa usiku mmoja, wasanii wakienda kula katikati na kurudi kuuawa tena. Ni mwimbaji Bing Crosby, aliyechoshwa na utaratibu huo, ambaye mwaka 1946 alihamia shirika lililokubali kurusha kipindi chake kikiwa kimerekodiwa, na mwaka uliofuata akaanza kutumia utepe wa sumaku, teknolojia iliyotoka Ujerumani baada ya vita.

Kama hawakurusha vilivyorekodiwa, rekodi zimetoka wapi? Hili ndilo lililonishangaza kuliko hadithi zenyewe. Zilirekodiwa kwa sababu ambazo hazikutuhusu sisi hata kidogo: kampuni ya sabuni ilitaka ushahidi kwamba tangazo lake limesomwa, wakala wa matangazo alitaka kumbukumbu ya kabatini, kituo kilitaka nakala ya kujitetea likitokea la kutokea. Chombo chenyewe kilikuwa santuri pana ya inchi 16, ya aluminiamu iliyopakwa laki, inayozunguka polepole na kubeba takribani dakika kumi na tano kila upande. Wakati wa vita aluminiamu ilihitajika kwa ndege, basi santuri zikatengenezwa kwa kioo kilichopakwa laki hiyohiyo, na mtu aliyeangusha moja alikuwa ameangusha jioni nzima ya nchi. Tangu mwaka 1942 huduma ya redio ya jeshi ikawa nayo inawatolea nakala wanajeshi waliokuwa ng'ambo, baada ya kuondoa matangazo ya biashara, na michezo mingine imetufikia kwa njia hiyo tu, kupitia kambi za askari waliotamani nyumbani.

Ukisikiliza kwa makini utaisikia historia hiyo ndani ya mchezo wenyewe. Katikati ya maongezi, kwenye dakika ya kumi na tano hivi, sauti inabadilika ghafla: ilikuwa nzito inakuwa nyembamba, au mkwaruzo uliokuwa mbali unasogea karibu. Hapo ndipo upande wa kwanza wa santuri ulikwisha na fundi mitambo akahamia santuri ya pili. Siku hizi nikiusikia mshono huo ninafurahi kama fundi cherehani aonapo kazi ya mwenzake. Wapo wanaosafisha rekodi hizi kwa programu za kompyuta mpaka mkwaruzo unaisha kabisa. Kwangu mimi zinakuwa kama samaki aliyeoshwa kwa sabuni.

Rekodi ambayo kila mtu ameisikia habari zake, hata asiyejali redio, ni ya tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles, kijana wa miaka 23, alipoigeuza riwaya ya H. G. Wells kuhusu viumbe wa Mirihi kuwa taarifa za dharura zinazokatiza muziki wa dansi. Mwandishi wa mchezo, Howard Koch, aliwashusha viumbe hao Grover's Mill, kijiji cha New Jersey, na hadithi tuliyorithi ni kwamba Marekani nzima ilikimbia barabarani. Hadithi hiyo imetiwa chumvi. Kampuni ya Hooper, iliyokuwa ikipima idadi ya wasikilizaji, ilipiga simu usiku uleule katika nyumba 5,000, na ni asilimia 2 tu waliosema wanasikiliza mchezo huo. Wengi walikuwa kituo kingine wakimcheka Edgar Bergen na mwanasesere wake. Magazeti, ambayo redio ilikuwa ikiyanyang'anya matangazo ya biashara, yalikuwa na kila sababu ya kuonyesha kwamba redio ni chombo cha hatari. Ninaomba msomaji atulie kidogo pia kwa huyo Bergen, kwa maana alikuwa bingwa wa kusema bila kufungua midomo, na umaarufu wake mkubwa aliupata redioni, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuona kama midomo imefunguka au haikufunguka.

Tuyaache ya taharuki, tusikilize mchezo. Mwigizaji Frank Readick, aliyeigiza mwandishi wa habari aliyeko eneo la tukio, alijiandaa kwa kuisikiliza tena na tena rekodi ya Herbert Morrison, mtangazaji aliyekuwepo Lakehurst tarehe 6 Mei 1937 chombo cha angani Hindenburg kilipowaka moto, na ambaye sauti yake inapasuka kwa kilio katikati ya kazi. Readick anakuiga kupasuka huko polepole, sentensi kwa sentensi, kisha katikati ya neno anakatika. Unafuata ukimya. Ni sekunde chache tu, lakini Welles aliushikilia, na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya redio atakueleza kwamba ukimya hewani ni kitu kinachomtoa fundi jasho. Usiku wa kwanza nilipoufikia ukimya ule nilidhani simu yangu imezima chaji, nikanyoosha mkono kuitazama. Mkono ukiwa ungali hewani nikagundua kwamba nimenaswa na kijana aliyefariki mwaka 1985.

Hodari wengine wa kazi hii hawakutajwa sana majina, nao ni mafundi wa milio. CBS katika miaka ya 1930 idara hiyo iliongozwa na mwanamke, Ora Nichols, na vifaa vya kazi vilikuwa vitu vya jikoni na stoo: wanga wa mahindi ndani ya mfuko, ukiuminya ni mtu anatembea kwenye theluji; karatasi angavu ya selofani, ukiifinyanga ni moto unawaka; bati jembamba likitikiswa ni radi. Kwato za farasi zilikuwa vifuu vya nazi. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, kwa maana kifuu nimekiona kikifanya kazi nyingi Tanga na Bagamoyo, kuanzia upawa hadi kibuyu cha kuchezea watoto, lakini sikuwahi kukifikiria kikipita jangwani Arizona na mwizi wa benki mgongoni.

Kilele cha ufundi huo, kwa sikio langu, ni Gunsmoke, iliyoanza Aprili 1952 na kwisha Juni 1961. Wengi wanaijua ile ya televisheni. Ya redio ilitangulia, na ni kitu kingine kabisa. William Conrad anaigiza Matt Dillon, mlinzi wa sheria wa Dodge City, mji wa wafugaji huko Kansas, kwa sauti ya mtu aliyekwishawazika wengi na asiyependa kuendelea kuwazika. Watayarishaji wake, Norman Macdonnell na mwandishi John Meston, walikubali jambo ambalo redio ya leo haiwezi kulivumilia, yaani kumwacha mtu atembee. Dillon akitoka ofisini unasikia mlango, kisha viatu juu ya mbao za baraza, kisha mbao zinakwisha na viatu viko kwenye changarawe, kisha mbwa mbali, mtu anacheka ndani ya baa, changarawe, changarawe, mbao tena. Hakuna anayesema neno. Kwa hatua hizo nimeijua Dodge City kiasi kwamba ningeweza kuitembea gizani, na nikikosea njia nitakuwa nimekosea kwa sababu Meston amehamisha duka la dawa.

Mwaka 1955 ilipopelekwa kwenye televisheni, Conrad hakuchukuliwa. Alikuwa mtu mnene, mfupi kwa kipimo cha televisheni, na Dillon wa kwenye picha akawa James Arness, mrefu kama nguzo ya simu. Sina ubaya na Arness. Ila kila nikiona picha yake ninahisi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya marehemu babu yake na kuambiwa, huyu ndiye, ilhali anamjua babu kwa kikohozi chake.

Kipenzi changu kisichoelezeka kwa wenzangu kazini ni Yours Truly, Johnny Dollar. Huyu ni mpelelezi wa kampuni za bima anayeishi Hartford, Connecticut, na kila kisa chake kinasimuliwa kwa njia ya madai ya gharama za safari. Namaanisha hivyo hasa. Anaanza: gharama ya kwanza, nauli ya ndege kiasi fulani, gharama ya pili, teksi kutoka uwanjani, na kati ya gharama ya tatu na ya nne mtu anapigwa risasi. Mwisho anajumlisha, anasaini, kisa kimekwisha. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikipokea marejesho ya masurufu ya safari kutoka kwa watumishi, na ninaweza kusema kwa kiapo kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia kwa uaminifu wa kiwango hicho, wala kwa kusisimua vile. Kuna visa ambamo Dollar anadai hata vitu vidogo vya senti chache, na visa ambamo anaweka kinywaji cha rafiki aliyekwishauawa kama gharama ya kazi, na mimi mhasibu, katika giza la chumba changu Dodoma, ninapitisha dai hilo bila stakabadhi. Waigizaji kadhaa walimcheza tangu mwaka 1949. Anayepita wote ni Bob Bailey, hasa mwaka wa 1955 hadi 1956, kipindi kilipokuwa cha dakika kumi na tano kwa siku tano mfululizo, na kisa kimoja kikipewa wiki nzima ya kujikunjua.

Ningekuwa mwongo kama ningeacha kusema kwamba mtu mweusi anayesikiliza rekodi hizi anakutana na vitu vinavyomfanya aondoe hedifoni masikioni. Kipindi kilichopendwa kupita kiasi katika miaka ya mwanzo ya redio ya Marekani, Amos 'n' Andy, kiliigizwa na Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, waliojifanya Weusi wenye ulimi mzito na akili fupi, na nchi nzima ikacheka. Hata wakati ule wapo waliokataa: mwaka 1931 gazeti la Weusi la Pittsburgh Courier liliendesha kampeni ya kukusanya saini milioni moja ili kipindi kiondolewe. Hakikuondolewa. Nimekisikiliza mara chache kwa ajili ya kujua, na sijakirudia. Ninachokirudia ni Destination Freedom, kilichoandikwa na Richard Durham, mwandishi Mweusi wa Chicago, na kurushwa na kituo cha WMAQ cha mji huo kuanzia Juni 1948 hadi 1950. Jumapili asubuhi, nusu saa, kisa cha Harriet Tubman aliyewatorosha watumwa, au cha Toussaint L'Ouverture aliyeongoza mapinduzi ya watumwa wa Haiti, na watu wake wanazungumza kama watu wenye akili timamu na hasira ya haki. Sauti ya rekodi ni hafifu kuliko ya Gunsmoke, na fedha ya kutengenezea ilikuwa hafifu zaidi, lakini ningelazimishwa kuokoa kasha moja kwenye nyumba inayoungua, ningeliacha la Matt Dillon.

Ajabu ni kwamba kuna siku moja nzima iliyookolewa. Tarehe 21 Septemba 1939, kituo cha WJSV cha Washington kilirekodi kila kitu kilichorushwa tangu kufungua matangazo asubuhi hadi kufunga usiku wa manane, ili siku hiyo iwekwe katika hifadhi ya taifa. Rais Roosevelt anahutubia Bunge kuhusu vita iliyoanza Ulaya wiki tatu kabla, na kabla na baada yake kuna matangazo ya saa, hali ya hewa, mapishi, na michezo ya mchana ya akina mama mmoja baada ya mwingine. Nilichukua likizo ya siku moja nikaisikiliza yote. Mke wangu alinipitia mara mbili, mara ya pili akiwa na uji.

Hiyo michezo ya mchana ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Walengwa walikuwa wanawake waliokuwa majumbani, na waliolipa gharama walikuwa watengenezaji wa sabuni, na ndiyo maana Waingereza na Wamarekani wanaiita hadi leo michezo ya sabuni. Maarufu kati yake, Ma Perkins, ilidhaminiwa kwa miaka mingi na sabuni ya unga ya Oxydol kutoka kampuni ya Procter & Gamble, ikaanza mwaka 1933 na kwisha tarehe 25 Novemba 1960 ikiwa imefikia vipindi 7,065. Mjane mzee mwenye hekima aliyeisimamia aliigizwa miaka yote ishirini na saba na Virginia Payne, ambaye alianza akiwa na miaka 23, akazeeka kidogo kidogo kuelekea sauti yake mwenyewe. Katika vipindi hivyo vyote, vilivyobaki ni sehemu tu. Kisha katika miaka ya 1970 Miguel Sabido wa Mexico, mtu wa televisheni, akajiuliza: kama mchezo unaoendelea siku baada ya siku unaweza kuuza sabuni, kwa nini usimfundishe mtu kusoma, au kupanga uzazi? Akaweka mtu mwema, mtu mbaya, na mtu wa kati anayeyumba, akamwacha msikilizaji ajipime. Njia hiyo ilisafiri, ikapita Kenya na mchezo wa Ushikwapo Shikamana katika miaka ya 1980, na mwaka 1993 ikafika kwetu ikiwa na lori. Kwa hiyo Mkwaju na Ma Perkins ni ndugu, ingawa sidhani kama mama yule angemkaribisha ndani.

Sasa nijibu swali la mke wangu. Ninasikiliza ya Wamarekani kwa sababu yapo. Michezo ambayo kidole cha babu kiliisimamia nimeitafuta kwa muda mrefu, mtandaoni na kwa watu, na nilichokipata ni vipande vya dakika mbili tatu vilivyorekodiwa nyumbani kwa redio kaseti, jogoo akiwika juu ya maneno. Hakukuwa na mtengeneza sabuni aliyedai santuri ya ushahidi Kilosa. Nusu saa ilitoka, ikapita juu ya mashamba ya mkonge, ikamezwa na masikio, basi.

Nina ziada moja ambayo watafiti wa kundi la kulinganisha hawakuijua. Dada yangu aliyebaki kwa babu aliniandikia. Kila baada ya wiki moja au mbili jirani yetu aliyefanya kazi reli alishuka na bahasha, na ndani yake, katika karatasi za daftari zenye mistari, mlikuwa na Twende na Wakati yote niliyoikosa. Hakuandika muhtasari, aliandika mchezo. Aliweka majina pembeni na maneno mbele yake, na milio aliiweka katika mabano kama fundi wa CBS: mlango unalia kwiii, lori linazimwa, Tunu analia kidogo, bibi anasonya lakini huyu si wa kwenye mchezo. Nilizisoma kwa sauti barazani kwa watoto wa jirani, nikibadilisha sauti, na baada ya mwezi mmoja nao walimchukia Mkwaju. Ikiwa takwimu za Dodoma za mwaka 1994 zina nyumba tatu za mtaa mmoja zisizoeleweka, maelezo ni hayo.

Barua nyingi zilipotea katika kuhama nyumba. Zimebaki nne, na mwaka jana nilizipiga picha kwa simu nikamtumia dada, ambaye sasa ni mwalimu mkuu na bibi wa watu wawili. Alinipigia usiku uleule akataka kujua kama ninayo ile inayofuata, ya Tunu kuanza biashara yake, maana hata yeye amesahau ilikwendaje. Sinayo. Ya nne inaishia Mkwaju akiwa anabisha hodi usiku na Tunu akiwa amesimama nyuma ya mlango bila kujibu, na chini yake, kwa herufi zilizobanwa hadi ukingoni, dada ameandika: mdogo wangu, karatasi imekwisha, yaliyobaki nitakuandikia Mungu akipenda.